MCT si mafuta ya nazi ya bibi: tuliyoyajulia wodini

Sisi watu wa Pemba mtu akitwambia kuna mafuta yametoka kwenye nazi basi tunaona hapo hapana tena la kufundishwa, nazi tumezaliwa nayo, tunakuna, tunakamua, tunapika tui mpaka mafuta yanapanda juu, tunajipaka, tunawakandia watoto, kwa hivo hii habari ya MCT (kifupi cha Kizungu, medium-chain triglycerides, yaani mafuta ya minyororo ya kati, maana yake ntaeleza mbele) ilipoanza kuzagaa kwenye magrupu ya wasapu, ati ni mafuta ya nazi yanayokata tumbo na kuongeza akili, watu wengi kwetu Wete walicheka wakasema haya bwana, sahivi tunauziwa nazi zetu wenyewe ndani ya chupa. Mie sikucheka. Mie hayo mafuta nlishayajua kabla ya hizo meseji, na nliyajulia wodini.

Mamdogo wangu, mdogo wake mama, alitoka uvimbe shingoni. Mwanzo kila mtu akisema ni rovu tu, wanawake wengi wanalo, lakini ulipopimwa ikaonekana ni saratani ya tezi na ishaingia kwenye vitezi vya pembeni upande wa kushoto. Tukavuka, boti mpaka Unguja, boti tena mpaka Dar, akafanyiwa opresheni hospitali moja huko, wakatoa tezi lote na vile vitezi, na alhamdulillah akaamka anazungumza na sauti yake ile ile, maana hilo ndo tulikuwa tunaliogopa. Kaachiwa mrija shingoni unaoishia kwenye kichupa cha kukusanyia maji ya kidonda. Yalianza mekundu, yakawa ya njano njano, yanapungua, nesi akasema vizuri, mrija utatoka karibuni.

Halafu mgonjwa akaruhusiwa kula. Tulikuwa tumefikia kwa jamaa zetu Ilala na nyie mnatujua, mgonjwa akiruhusiwa kula kwetu hapelekewi mkate na chai, kapikiwa wali wa nazi na mchuzi wa changu mzito hasa. Kala, kashukuru, kalala. Asubuhi ile chupa ilikuwa nyeupe. Nyeupe ya tui, wallahi, tena tui la kwanza, lile zito. Mama alipoiona akapiga ukelele, “Yarabi, nazi inatoka shingoni!” na wodi nzima ikageuka.

Daktari alipokuja hakumcheka mama, na hilo namshukuru mpaka leo. Alimwambia, “Mama, hujakosea sana, hayo ni mafuta ya chakula kweli.” Akatueleza kwamba mafuta tunayokula mengi hayaingii kwenye damu moja kwa moja kama sukari. Utumbo ukishayachukua unayafunga kwenye vifurushi vidogo vidogo na kuyapitisha kwenye mirija mingine kabisa, mirija ya limfu, yanakusanyika kwenye mrija mmoja mkubwa unaopanda kutoka tumboni, unafata uti wa mgongo kupitia kifuani, unakwenda kumwaga kwenye mshipa wa damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Na hapo hapo ndo mamdogo alipopasuliwa. Mrija huo ni mwembamba, ukuta wake laini, na mtu akiwa hajala hauonekani vizuri kwa macho, kwa hivo kwenye opresheni za kutoa vitezi vya upande huo kuchubuka kwake ni jambo linalojulikana, hata kwa madaktari wazuri. Mtu akila mafuta, mrija unajaa, na kama una tundu yanatoka hapo.

Kuvuja kwenyewe si maumivu. Ubaya wake ni kwamba yale maji meupe yanatoka na protini, na chumvi za mwili, na chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi, kwa hivo yakitoka mengi kwa muda mrefu mgonjwa anakonda na kudhoofika huku anakula, na kidonda hakifungi kwa sababu kila siku kinaoshwa na mafuta. Daktari akasema tutajaribu kwanza njia ya chakula: bandeji ya kukaza, mafuta yote ya kawaida yakatwe, na nguvu azipate kwenye mafuta aina nyengine, MCT. Ndo mara yangu ya kwanza kuisikia hiyo herufi tatu.

Hapo sasa ikaja zamu ya dada wa lishe, msichana mdogo tu, mpole, na ndo aliyetufungua macho. Maana alipomaliza kusema kwamba MCT hutengenezwa kutokana na mafuta ya nazi au ya kokwa za mawese, ami yangu akamdaka hapo hapo: “Binti yangu, kama yanatoka kwenye nazi, sisi kwetu nazi tele, chupa hiyo ya bei hiyo ya nini? Tutampikia mafuta ya nazi safi, ya leo leo.” Na swali lake lilikuwa la maana, yakhe, sote tulikuwa nalo kifuani. Si ndo humo humo yanamotoka?

Yule dada akageuza karatasi ya kipimo akachora minyororo. Akasema kila mafuta ni minyororo ya kaboni, na urefu wa mnyororo ndo unaoamua njia utakayopita mwilini. Mafuta ya samaki, ya alizeti, ya ng'ombe, mengi yake ni minyororo mirefu, kaboni 16, 18 na kuendelea, hayo ndo yanayofungwa vifurushi na kupanda kwenye mrija ule uliotoboka. Minyororo ya kati, kaboni 8 na kaboni 10, ambayo ndo MCT yenyewe, ni mifupi kiasi ambacho utumbo haupati tabu nayo, haihitaji nyongo nyingi, haifungwi vifurushi, inaingia kwenye mshipa wa damu unaokwenda ini moja kwa moja na ini linaichoma kuwa nguvu. Haipiti shingoni kwa njia ile. Kwa hivo mgonjwa anapata kalori na mrija unapumzika.

Sasa njoo kwenye mafuta ya nazi. Karibu nusu yake ni mnyororo unaoitwa asidi ya lauriki, wenye kaboni 12. Kwenye vitabu vingi lauriki nayo inahesabiwa kwenye kundi la kati, na wauzaji hapo ndo wanaposhika bango, lakini mwilini sehemu kubwa yake inafata njia ile ile ya mafuta marefu, vifurushi na mrija. Zile za kaboni 8 na 10 ambazo ndo zilizokuwa zinatafutwa, kwenye mafuta ya nazi ukizijumlisha pamoja hazizidi sana sehemu 15 kwa 100. Ami akapiga hesabu kichwani, mtu wa biashara ya karafuu yule, akasema, “Kwa hivo nikimpa vijiko kumi vya mafuta ya nazi, kimoja na nusu ndo dawa, vinane na nusu vinakwenda kutobokea shingoni.” Dada wa lishe akacheka akasema, “Baba, umefahamu kuliko wanafunzi wangu.”

Na kuyapata hayo ya kati huwezi kwa kupika tui jikoni hata ukeshe. Kiwandani mafuta yanavunjwa kwanza, zile asidi, yaani ile minyororo, zinaachana na gliserini, kile kinachoishika pamoja, zinatenganishwa kwa mvuke, zinachukuliwa za kaboni 8 na 10 peke yake, halafu zinaunganishwa upya na gliserini yakawa mafuta tena. Kazi hiyo ilianza Marekani miaka ya 1950, mkemia mmoja akiitwa Vigen Babayan ndo anayetajwa sana, na tangu mwanzo yalikuwa ni ya wagonjwa, watu ambao matumbo yao hayawezi kuchukua mafuta ya kawaida.

Basi tukaanza maisha ya bila mafuta, na kwa Mpemba hilo ni jambo zito kuliko opresheni. Nazi hakuna, kwa aina yoyote. Wali wa maji. Changu chukuchuku, ndimu na chumvi na bizari kidogo, bila hata tone la mafuta. Ndizi za kuchemsha, viazi vitamu, maharage bila tui, yai anakula ule weupe tu kiini tunakula sie, maziwa yale yaliyotolewa mafuta. Dafu akaruhusiwa maji yake lakini ile nyama laini ya ndani asiikombe. Mamdogo akawa anaangalia sahani anasema, “Nyie mnanilisha kama mtu wa jela.” Na kila mmoja aliyekuja kumtazama alikuja na kitu: katlesi, visheti, halua ya Wete imetoka kwetu kabisa ndani ya pakacha, na mie ndo niliyewekwa pale mlangoni kuzuia, nikachukiwa na nusu ya ukoo. Watu wanafahamu “usimpe sukari”, ila “usimpe mafuta hata ya kwenye sambusa” wanaona ni uchoyo.

MCT yenyewe ni kama maji kwa rangi, haina harufu, haina ladha, inateleza tu mdomoni. Na jambo ambalo kwenye zile meseji za wasapu halisemwi kabisa ni kwamba tumbo haliipokei kirahisi. Siku ya mwanzo mamdogo alisokotwa na tumbo akakimbilia choo, dada wa lishe akasema ndo kawaida yake ikiingia nyingi kwa pamoja, akatwambia tushuke mpaka kijiko kidogo cha chai, kichanganywe na chakula, kwenye uji au kinyunyizwe juu ya viazi, tena mara nyingi kwa siku badala ya kumpa kwa mkupuo, tukipandisha taratibu. Hapo likatulia. Tuliambiwa pia tusikaangie, kwa sababu inaanza kutoa moshi mapema kabla ya mafuta ya kawaida, na tusiitie kwenye vikombe vile vyeupe vyepesi vya kutupa, inavilainisha, tutumie gilasi au bakuli la chuma.

Siku zikapita, chupa ya mrija ikaanza kupauka, kutoka tui la kwanza ikawa tui la pili, ikawa maji ya mchele, ikawa ya njano safi tena, na kiasi kikapungua mpaka mrija ukatolewa. Sisemi MCT peke yake ndo iliyoponya. Kilichofunga tundu ni kule kukata mafuta mengine yote na bandeji na mwili wenyewe kwa uwezo wa Mungu, MCT kazi yake ilikuwa mgonjwa asikonde wakati mrija umepumzika. Na si kila mtu anapona kwa chakula, mgonjwa wa kitanda cha tatu tatizo lake lile lile ilibidi alishwe kwa dripu na mwisho arudi tiateri. Na hata kwa yule iliyemfaa si chakula cha kukaa nacho milele, kwa sababu MCT haina zile asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe, lazima zitoke kwenye samaki na mafuta ya kawaida, kwa hivo mamdogo alipopona alirudishwa taratibu, mwanzo kijiko cha mafuta ya alizeti kwenye mchuzi, baadae sana ndo nazi.

Tukarudi Pemba na chupa imebaki nusu. Na hapo ndo kilipoanza kizaazaa chengine, maana habari zilishatangulia.

Wa mwanzo kuyataka ni mtoto wa ami, kijana wa jimu, mikono imejaa, anataka tumbo liwe na mistari. Kaona kwenye simu watu wanatia MCT kwenye kahawa asubuhi badala ya kula. Nikamwambia mdogo wangu, hii ni mafuta, gramu moja ina kalori 8.3, mafuta ya kawaida 9, tofauti ndo hiyo tu, kijiko kimoja kikubwa ni kama kalori 115 unajiongezea juu ya chakula chako. Akasema “dada we hujui, hii inachoma.” Akaenda kujitilia vijiko viwili vikubwa kwenye kikombe cha kahawa tupu, tumbo halina kitu, akapanda daladala ya Chake. Hakufika Chake. Sitaki kueleza zaidi, ni mtoto wa watu na bado hajaoa.

Lakini alipopona hakukata tamaa, akanitafutia utafiti, na nampa sifa yake maana alileta wa kweli. Mwaka 2015 watafiti wawili, Mumme na Stonehouse, walikusanya majaribio 13 ya watu waliopewa MCT badala ya mafuta marefu, na waliotumia MCT walipungua zaidi, ndio, ila tofauti yenyewe ilikuwa kama nusu kilo. Nusu kilo! Na hapo waliibadilisha, hawakuiongeza juu ya biriani. Kwa bei ya chupa ile na nusu kilo hiyo, mie nnaona bora mtu apunguze chapati za usiku akabaki na pesa yake. Hata hivo sikatazi mtu, mwenye nazo atumie.

Wa pili shangazi, ana sukari na anachoma insulini, kasikia inashusha. Huyu sikumpa hata tone. Ini likichoma mafuta haya linatoa vitu vinaitwa ketoni, na mtu wa sukari ambaye insulini haimtoshi ketoni zikimzidi damu inachacha, anaweza kupoteza fahamu. Inaweza isimtokee, lakini mwenye kuamua ni daktari wake anayemuona kliniki. Watu wa ini lililoharibika nao vile vile, maana mzigo wote unakwenda ini. Na kuna watoto wanazaliwa mwili wao umekosa kimeng'enya cha kuvunja mafuta haya haya ya kati, kwao hao MCT ni hatari, wakati wengine waliokosa kimeng'enya cha mafuta marefu MCT ndo chakula chao cha kila siku. Magonjwa mawili majina yanakaribiana na dawa ya mmoja ni sumu ya mwengine. Mambo hayo utayajuaje kwa kusoma lebo?

Wa tatu ndo aliyeniumiza moyo. Jirani ana mtoto wa kifafa, kaambiwa na mtu kwamba MCT inatibu kifafa na dawa aache. Na ukweli umo ndani yake, hapo ndo pagumu. Tangu 1921 huko Mayo Clinic Marekani walianza chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo kwa ajili ya kifafa, na mwaka 1971 daktari Peter Huttenlocher na wenzake wakaleta cha MCT, kwa sababu inatoa ketoni nyingi, ambazo kwenye chakula hicho ndo zinazotafutwa, na mtoto anaweza kubakishiwa wali kidogo na matunda. Kinawasaidia watoto ambao dawa zimeshindwa. Lakini kwenye chakula kile cha Huttenlocher kama asilimia 60 ya kalori zote za mtoto zilitoka kwenye MCT, kila tonge linapimwa kwenye mizani, kuna daktari wa mishipa ya fahamu na mtu wa lishe, vipimo vya damu, na dawa zinaendelea mpaka daktari aseme. Kijiko kwenye uji halafu vidonge vitupwe, huko ni kumuweka mtoto kwenye hatari ya degedege lisilokatika. Nlikaa na yule mama barazani mpaka adhana ya isha, nikamuomba asiache dawa, na hakuacha. Sahivi mtoto anapelekwa kliniki Unguja.

Kwa mwenye kuandikiwa na daktari na anakwenda kununua, soma nyuma. Inayofaa kwa shughuli kama ya mamdogo imeandikwa C8 na C10 peke yake, hiyo C ni kaboni, ama kwa majina yao, kapriliki na kapriki. Ukiona lauriki imetajwa, au C12, hiyo ni rahisi kutengeneza na kwa mgonjwa wa mrija haisaidii kitu. Na kuna jambo mie nimeligundua kwa kukaa nazo kabatini pamoja: mafuta yetu ya nazi wakati wa kipupwe asubuhi unayakuta yameganda meupe chupani, maana yakishuka chini ya digrii 24 hivi yanashikana, lakini MCT hata kwenye friji inabaki maji. Ukiuziwa MCT ikaganda kwenye friji, rudi dukani.

Na nyie msinielewe vibaya mkasema nayatukana mafuta ya nazi. Kwa nywele na ngozi hayana mfano. Kwa kula, mie bado napikia nazi, sasa niache niwe nani, ila nimepunguza, kwa sababu Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2017 kilishauri watu wasiyatumie, yanapandisha ile kolesteroli mbaya, LDL, na kwetu mama ana presha. Sifa za MCT si za kumvisha nazi, na wanaouza mafuta ya nazi kwa utafiti uliofanywa na MCT wanajua wanachokifanya.

Mamdogo hajambo, anakunywa vidonge vyake vya tezi kila asubuhi kabla ya chai, na kama kuna kitu kimoja hataki kukiona tena ni changu chukuchuku. Chupa yenyewe kile kilichobaki kilipita tarehe nikakimwaga, kwa hivo wanaoendelea kunipigia kuulizia kijiko kimoja tu cha kujaribu, hakipo jamani, na kingekuwepo nisingekupeni.